Kitoto cha Paka Nacho Kina Haki: Barua kutoka Longonot

Bismillahi Rahmani Rahim. Sifa zote njema zinamstahikia Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote, wenye kusema na wasiosema. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na masahaba zake.

Ama baad. Tangu tulipodokeza kwamba nyumba yetu huku bara imegeuka makao ya watoto wa paka waliotupwa, tumepokea maswali mengi kutoka Mombasa, Malindi na Lamu. Wako waliotucheka kwa upole. Wako waliouliza kama inajuzu kumhasi paka. Na yuko mama mmoja wa Kisauni aliyetuuliza kwa ukali kidogo: "Sheikh, kwani wana wa Adamu wamekwisha kushiba, ndipo zamu ya paka ikafika?" Swali lake ni la haki, nasi tutalijibu mahali pake. Kwanza tueleze mambo yalivyo huku, kwa kuwa hukumu hujengwa juu ya kulijua jambo.

Msafiri atokaye Nairobi kwa barabara ya chini huteremka ukuta wa Bonde la Ufa mpaka Maai Mahiu, kisha akashika njia ya Naivasha. Mkono wake wa kushoto utasimama mlima Longonot, mita 2,776 juu ya usawa wa bahari, volkano iliyolala, na tangu mwaka 1983 ni mbuga ya taifa. Jina lake limetokana na lugha ya Kimaasai, nalo maana yake ni mlima wa matuta mengi. Udongo wa chini yake ni majivu ya kale. Upepo ukivuma mchana, vumbi huingia mpaka ndani ya masahafu. Usiku ni baridi. Sisi tuliozaliwa kwenye joto la pwani tulihitaji miaka miwili kuizoea baridi hiyo, na mpaka leo hatusali alfajiri bila ya koti zito.

Watu wa huku wametoka kila upande wa Kenya. Wengi huja kufanya kazi katika mashamba ya maua yaliyouzunguka Ziwa Naivasha. Wengine hufuata malori, na tangu Oktoba 2019 wengine wameifuata reli mpya. Hukaa katika vyumba vya kupanga, chumba kimoja kwa nyumba nzima ya watu. Na mahali penye unga, mahindi na vyumba vilivyosongamana, panya hawakosi. Basi mtu huchukua paka. Paka huyo hufanya kazi yake usiku kucha, hapewi ila makombo, naye haombi zaidi. Siku kazi ya shambani inapokwisha na mpangaji akahama, hupakia godoro, sufuria na jiko. Paka akabaki amekaa mlangoni akingoja mlango ufunguliwe. Akiwa ni jike, baada ya siku chache huzaa chini ya mabati ya mtu mwingine, asiyemtaka.

Hapo ndipo huanza dhuluma. Watoto wa paka hutiwa ndani ya kiroba na kuachwa nyuma ya bucha, au jalalani, au kando ya barabara kuu panapopita malori. Wako wanaowatupa katika choo cha shimo wakiwa hai. Hatulisemi hili ili kuwatia aibu majirani zetu wa bara, kwani tumelishuhudia Mombasa pia, na kwa watu wenye kusali.

Kikundi tunachokisimulia hakina jina la kujivunia wala ofisi. Ni wanawake wanane, vijana wawili wenye pikipiki, na mzee mmoja mstaafu aliyepata kuwa mhudumu wa mifugo. Miongoni mwao wako Waislamu na wako Wakristo. Ahali yetu ni mmoja wao; sisi ni wabebaji wa maboksi tu, na mara nyingine wasuluhishi wa ugomvi.

Kilianza katika msiba. Usiku wa kuamkia tarehe 29 Aprili 2024, maji yaliyokuwa yamezuiliwa nyuma ya tuta la reli yalipasua njia yakashuka juu ya kijiji cha Kamuchiri, Maai Mahiu, watu wakiwa usingizini. Nyumba zilikwenda na wenyewe. Waliofariki walikuwa makumi, wakubwa kwa watoto. Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun. Misikiti na makanisa ya pande hizi yalikusanya mablanketi, unga, mafuta na nguo, na wanawake wakawa wanakwenda kila siku kugawa.

Siku moja, msichana mdogo katika kambi ya waliohama alimshika ahali yetu kanga akamuuliza: "Mama, umemwona paka wetu?" Hakuuliza kuhusu nguo wala chakula. Wakubwa waliokuwa pale walimkemea, wakamwambia watu wamekufa naye analia paka. Ahali yetu hakumkemea. Alimuuliza paka yukoje, naye akasema ni wa kijivu, sikio moja limechanika. Wanawake wawili wakarudi kwenye matope, na siku ya pili yake wakamwona juu ya kitanda cha chuma kilichobaki katika nyumba isiyo na ukuta, amekonda, ananyonyesha watoto watatu. Kambini hapakuwa na ruhusa ya kuweka wanyama. Wakawaleta kwetu ndani ya ndoo yenye kitambaa, na kila Ijumaa mmoja wa vijana wa pikipiki akawa anampeleka msichana habari zao. Familia ile ilipopata chumba Naivasha baada ya miezi mitatu, paka wa kijivu alirudi kwa mwenyewe. Habari ikaenea. Wiki haikupita bila mtu kuja mlangoni na boksi.

Sasa tumjibu mama yetu wa Kisauni. Ndiyo, mwanadamu ndiye wa kwanza. Wanawake hawa walianza na mablanketi na unga, na mpaka leo hawajaacha. Tena tumewaambia waziwazi, nao wameshika: mali ya zaka haiingii katika chungu cha paka. Zaka ina mafungu yake manane yaliyotajwa katika Qur'ani, na paka hamo. Paka hulishwa kwa sadaka ya hiari, na sehemu kubwa ya sadaka hiyo ni vitu ambavyo vingetupwa: mapupu ambayo mwenye bucha anayatoa bure jioni, vichwa vya samaki wa ziwani, maji ya kuchemshia nyama. Hatujaona masikini aliyepungukiwa kwa sababu ya hayo. Tulichokiona ni kwamba mtoto aliyefunzwa kumngojea paka anywe maji, ndiye huyo huyo anayekumbuka kumbakishia mwenzake maandazi. Huruma haipungui kwa kutumiwa.

Na mafunzo ya dini yetu katika mlango huu ni wazi. Katika Bukhari na Muslim imepokewa habari ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa sababu ya paka aliyemfungia mpaka akafa: hakumlisha, wala hakumwacha akajitafutie wadudu wa ardhini. Wanavyuoni wetu wameitoa humo kanuni nzima: anayemzuia mnyama amebeba wajibu wa chakula chake. Ukimfungia ndani, umekuwa mlezi wake. Kuna pia habari ya Abu Qatada (R.A.), aliyetiliwa maji ya kutawadhia na mke wa mwanawe. Paka akaja kunywa, naye Abu Qatada akakiinamisha chombo mpaka paka akatosheka. Alipomwona mkwewe anastaajabu, akamfahamisha kuwa Mtume (S.A.W.) amesema paka si najisi, bali ni katika wale wanaotuzunguka majumbani. Na Bibi Aisha (R.A.) aliletewa harisa akiwa katika sala, paka akaila kidogo, naye alipomaliza kusali alikula kutoka pale pale alipokula paka.

Hapa tuwatahadharishe wasomaji wetu na jambo moja. Kunasimuliwa sana kwamba Mtume (S.A.W.) alikuwa na paka jina lake Muezza, na kwamba alikata mkono wa kanzu yake asimwamshe. Kisa hiki ni kitamu, na watoto wanakipenda, lakini hakimo katika vitabu vya Hadithi vinavyotegemewa. Tusimzulie Mtume hata katika jambo zuri. Tunayo yaliyo sahihi, nayo yanatosha. Sahaba aliyepokea Hadithi nyingi kuliko wote, Abu Hurayra (R.A.), ameitwa kwa jina la paka mdogo aliyekuwa akicheza naye huku akichunga mbuzi wa jamaa zake. Jina hilo limetajwa na umma huu kwa zaidi ya miaka elfu moja na mia nne, na hapana aliyeliona ni aibu.

Wala huruma hii haikubaki vitabuni. Sultan Baybars wa Misri, aliyefariki mwaka 676 Hijria, anasimuliwa kuwa aliweka wakfu bustani karibu na Cairo ili mazao yake yawalishe paka wasio na mwenyewe. Na kwetu pwani tunao Lamu. Huko paka ni wenyeji wa mji pamoja na punda. Punda wana kituo chao cha matibabu tangu mwaka 1987, na paka nao wana watu wa kujitolea wanaowatibu.

Lakini elimu ya kitabu haimlei mtoto wa paka usiku wa baridi wa Longonot. Wanawake hawa wametufundisha mengi, nasi tunayaandika hapa ili yafae kwingine.

La kwanza walilotufundisha ni subira. Ukiona watoto wa paka peke yao, usikimbilie kuwachukua. Mama yao huenda amekwenda kuwinda. Kaa mbali, ngoja saa chache, uangalie. Mama akirudi, mpe yeye chakula, naye atafanya kazi yote. Katika Sunan ya Abu Dawud imo habari ya ndege aliyenyang'anywa makinda yake na masahaba safarini, akawa anapiga mbawa kwa huzuni, Mtume (S.A.W.) akaamuru arudishiwe watoto wake. Tunapoulizwa kwa nini hatutoi kitoto cha paka kabla hakijatimiza wiki nane, jibu letu la kwanza ni ndege yule, na la pili ni daktari wa mifugo.

La pili ni joto kabla ya chakula. Kitoto cha paka katika wiki zake za mwanzo hakiwezi kujitia joto chenyewe, na kikipoa, tumbo lake halisagi maziwa. Kwa hiyo chupa ya plastiki hutiwa maji ya moto kiasi, ikaviringwa kwa kipande cha kanga, ikawekwa ndani ya boksi upande mmoja, ili kitoto kikiona joto limezidi kiweze kusogea. Stima huku hukatika, basi chupa ndiyo mama.

La tatu ni maziwa. Maziwa ya ng'ombe huwaharisha watoto wa paka, na kuhara huwamaliza upesi. Tulimzika mmoja nyuma ya madrasa kwa sababu hiyo. Aliyempa maziwa ya chai alikuwa mtoto mwema wa miaka saba, naye alilia siku nzima. Hatukumlaumu. Tulimwambia kuwa nia njema inahitaji kuuliza kwanza, na kuanzia siku hiyo hapana mwanafunzi anayeuliza zaidi kuliko yeye. Yako maziwa ya unga yaliyotengenezwa kwa ajili ya watoto wa paka, nayo huuzwa na wauzaji wa dawa za mifugo mijini. Hunyweshwa kwa bomba la sindano lisilo na sindano, kitoto kikiwa kimelala kifudifudi kama anyonyavyo kwa mama yake, wala si chali, yasije yakaingia mapafuni. Asiyefungua macho bado hunyweshwa kila baada ya saa mbili au tatu, usiku na mchana. Na kila baada ya kunywa, hupanguswa kwa pamba yenye maji ya uvuguvugu ili apate kukojoa, kama vile mama yake angemlamba. Wakati wa usiku wa manane, ahali yetu akiamka kwa kazi hiyo, nasi huamka kwa tahajjud. Ameamsha watu wawili yule mdogo asiyeona.

La nne ni tahadhari kwa afya zetu. Mama mjamzito asisafishe choo cha paka, kwani kinyesi chake kinaweza kuwa na ugonjwa unaomdhuru mtoto tumboni. Amwachie mtu mwingine kazi hiyo. Aliyeumwa au kukwaruzwa na paka asiyemjua, aoshe kidonda kwa sabuni na maji mengi kwa dakika kumi na tano, kisha aende hospitali siku hiyo hiyo. Kichaa cha mbwa huambukizwa na paka pia, na dalili zake zikishatokea kwa mtu hakuna tiba. Serikali yetu imeweka lengo la kumaliza vifo vya ugonjwa huu vinavyoletwa na mbwa ifikapo mwaka 2030, na paka aliyechanjwa ni msaada katika jambo hilo. Wetu huchanjwa wakitimiza miezi mitatu.

Mambo haya yote ni mepesi yakilinganishwa na ulimi wa watu. Katika kikundi yumo mama mmoja mjane, Mnubi mzaliwa wa Eldama Ravine, aliyepita miaka sabini. Anaishi peke yake katika chumba cha kupanga. Yeye ndiye mwenye mkono wa baraka; kitoto kilichokataa kunyonya kwa wote hunyonya kwake. Mwaka jana alikuwa na paka watano, wawili wao weusi. Mtoto wa jirani akaugua homa, kisha mtoto wa pili. Maneno yakaanza kisimani, yakahamia dukani: kwamba bibi yule halei paka, analea majini, kwamba weusi wale hutumwa usiku. Mwenye nyumba akampa siku saba ahame.

Wasomaji wetu wa Kilifi wanajua maneno kama haya huishia wapi. Ni wazee wangapi wamechomewa nyumba, wangapi wamechinjwa na vijana wa ukoo wao wenyewe kwa ajili ya neno "mchawi"? Mvi zimekuwa hatia. Kwa hiyo tuliposikia, hatukuliona kuwa ni jambo la paka tena. Ilikuwa ni damu ya Mwislamu na heshima ya mama.

Tulikwenda baada ya sala ya Alasiri, sisi, mchungaji wa kanisa la jirani, na yule mzee mhudumu wa mifugo. Hatukwenda kuhutubia. Tulimwomba mama atupikie chai. Tukakaa mlangoni kwake, mahali ambapo kila mpangaji angetuona, paka mmoja mweusi akiwa amelala juu ya kiatu cha mchungaji. Majirani wakaja kidogo kidogo. Mama wa mtoto mgonjwa alipofika, hatukumwambia kuwa ni mjinga, maana hakuwa mjinga. Alikuwa na hofu ya mtoto wake. Tulimuuliza kama mtoto amepimwa. Hakuwa na nauli. Nauli ikapatikana pale pale, na mwenye kuitoa wa kwanza alikuwa ni yule mjane, aliyefungua fundo la leso yake. Hospitali walisema ni homa ya matumbo, na sababu yake ni maji. Watoto wote wawili walipona, alhamdulillah. Mwenye nyumba aliondoa amri yake, akaweka sharti kwamba paka wasizidi watatu, nasi tukaliona sharti hilo ni la haki, kwani nyumba ni yake na ukuta ni mmoja.

Yule mama alituambia tulipokuwa tunaaga: "Mwalimu, mimi sikuogopa kuhama. Niliogopa wataniita jina lile mbele ya wajukuu wangu." Maneno hayo tunawaachia wasomaji wetu wayapime. Neno "mchawi" ni jepesi mdomoni, lakini atakayelibeba halitui mpaka kaburini. Na paka mweusi, tuseme wazi, ni paka ambaye Mungu amempaka rangi nyeusi.

Limebaki swali la kuhasi. Jike huweza kushika mimba akiwa na miezi minne au mitano, huibeba kwa wiki tisa tu, na huzaa zaidi ya mara moja kwa mwaka. Kikundi cha watu kumi na mmoja hakiwezi kushindana na hesabu hiyo. Daktari wa mifugo aliwashauri wanawake wawafunge kizazi paka wakubwa, nao wakaja kuuliza: Sheikh, inajuzu?

Hatukujibu siku hiyo. Sisi ni wa madhehebu ya Imamu Shafi'i, na Imamu Nawawi, ambaye amefariki mwaka ule ule wa 676 aliofariki Sultan Baybars, ameeleza kwamba kumhasi mnyama asiyeliwa ni haramu, mdogo au mkubwa. Hilo hatuwezi kulifunika. Kwa upande mwingine, wanavyuoni wa Hanafi wameruhusu panapokuwa na manufaa au kuondoa madhara. Na katika wanavyuoni wa zama zetu, Sheikh Muhammad bin Uthaymin wa Saudia, aliyefariki mwaka 2001, amesema kuwa paka wakiwa wengi na wenye kuudhi, na upasuaji ukawa hauwadhuru, basi hakuna ubaya, nako ni bora kuliko kuwaua. Tuliwaandikia wanavyuoni wakubwa wetu wa pwani kabla ya kusema neno. Tulilolipata kwao, na moyo wetu ukatulia juu yake, ni hili: asili ni kuacha, lakini mahali ambapo kuacha kunapelekea watoto kutupwa chooni wakiwa hai, hatumlaumu aliyefuata kauli ya wenye kuruhusu, kwa masharti. Afanye daktari mwenye ujuzi, kwa dawa ya usingizi. Iwe kwa haja iliyo wazi na isiwe kwa pambo. Na mnyama atunzwe mpaka kidonda kipone. Na anayeweza kuwatenga dume na jike nyumbani mwake, basi na awatenge, atoke katika hitilafu. Aliye na kauli bora atuandikie, tutaipokea kwa shukrani.

Katika kuwapatia makao, kikundi hakiuzi. Imepokewa katika Sahih Muslim kwamba Mtume (S.A.W.) alikemea thamani ya paka. Wengi wa wanavyuoni, wakiwemo wa madhehebu yetu, wameifahamu kuwa ni karaha na si uharamu, lakini wanawake wamechagua kutoa bure, ili jambo lao lisalie safi. Wanachotaka ni ahadi. Watakwenda kuiona nyumba. Watauliza nani atamlisha familia ikisafiri Idi. Watauliza kama mna sumu ya panya, kwani paka akila panya aliyekula sumu naye hufa. Na wanasema: ukishindwa, mrudishe kwetu, hatutakuuliza sana. Sharti hili la mwisho limeokoa wengi, kwani anayeona haya kurudisha ndiye anayetupa. Wawili wa mwisho wamechukuliwa na mwenye mashine ya kusaga mahindi, na mmoja ameteremka pwani na dereva wa lori mpaka Changamwe, amelala njia nzima juu ya koti lake.

Nanyi wasomaji wetu mnaweza kuanza hapo mlipo. Hamhitaji kikundi wala fedha nyingi. Bakuli la maji nje ya mlango wakati wa kaskazi, makombo ya samaki mahali pasafi, na mtoto mmoja aliyepewa zamu ya kuyaweka. Anayetaka kuhama amtafutie paka wake makao kabla hajamtafuta mbebaji mizigo. Mkikuta mnyama aliyejeruhiwa, iko jumuiya ya KSPCA, iliyoanzishwa tangu mwaka 1910, yenye makao makuu Nairobi na tawi Naivasha. Na ijulikane kwamba sheria ya nchi yetu, Sura ya 360, inahesabu kumtelekeza mnyama katika mateso kuwa ni ukatili wenye adhabu. Lakini Mwislamu hangojei askari. Yeye anajua kwamba kila chenye ini lililo hai kina ujira kwa anayekihudumia, na kwamba mnyama asiyeweza kushitaki hapa duniani, anaye wa kumsikiliza.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu aturuzuku nyoyo laini, awarehemu waliokufa katika mafuriko ya Maai Mahiu, awalinde wazee wetu na ndimi za watu, na ajaalie majumba yetu yawe mahali ambapo dhaifu, wa miguu miwili na wa miguu minne, hapati hofu. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.